Mwagizaji naye asikizwe

Nimeisoma hii habari ya waagizaji wa chuma Marekani wanaopinga ushuru wa bidhaa za bei ya kutupa (ushuru wa ziada kwa bidhaa za nje zinazouzwa chini ya bei ya kawaida, ili kulinda viwanda vya ndani) kwenye Mahakama ya Biashara ya Kimataifa, New York, na siwalaumu hata kidogo. Kule mwagizaji huweka amana ya ushuru huo mzigo unapoingia, kisha kiwango chake halisi huweza kuamuliwa baadaye kabisa, Wizara ya Biashara ikishapitia upya. Kikipanda, anadaiwa tofauti pamoja na riba, na nondo zenyewe alishaziuza zamani! Amfuate mteja gani?

Viwanda vilindwe, nakubali. Lakini hesabu ya wizara lazima iweze kupingwa mbele ya jaji.

Sisi tunaochomelea mageti hapa Kibuye, Kisumu, bei ikipanda ghafla tunaumia: mteja ameshalipa nusu, tumeshakubaliana, halafu bomba la mraba linapanda kabla hujakata hata kipande cha kwanza. Kenya nayo ina sheria ya ushuru wa aina hii tangu 2017. Siku ikitumika kwa chuma, wenye maduka ya vyuma na mafundi wa huku waitwe watoe maoni, si wenye viwanda peke yao.