Ukombozi una mwisho, au ni deni lisiloisha?

Tarehe 8 Mei 1945 Ulaya ilikuwa ikishangilia kushindwa kwa Ujerumani ya Hitler. Ufaransa ilikuwa na sababu ya pekee ya kufurahi, kwani Paris ilikuwa imekombolewa Agosti ya mwaka uliotangulia. Siku hiyohiyo, katika mji wa Sétif nchini Algeria, iliyokuwa bado chini ya Ufaransa, wananchi waliandamana wakipeperusha bendera yao, wakitaka ukombozi huo uwafikie na wao. Hawakuwa wakiomba hisani. Waaljeria kwa maelfu walikuwa wamevaa magwanda ya jeshi la Ufaransa na kumwaga damu ili Ufaransa iwe huru. Wakajibiwa kwa risasi. Ghasia zikasambaa, walowezi wapatao 100 wakauawa, kisha jeshi likaingia vijijini na kuua watu kwa maelfu.

Pale Sétif hakuna aliyehitaji kuelezwa ukombozi ni nini. Aliyefyatua risasi na aliyepigwa wote walijua. Ugomvi ulikuwa juu ya nani anastahili kuupata, na ndiyo maana mjadala huu haujaisha hadi leo.

Wapo wanaotaka ukombozi ubaki na maana finyu: kuuondoa utawala wa kigeni au wa wachache, kisha basi. Hoja yao ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kazi yenye mipaka hupimika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyoundwa mwaka 1963 na kuweka makao yake Dar es Salaam, ilipewa jukumu linaloeleweka na kila mtu: kuvisaidia vyama vilivyokuwa vikipigana na wakoloni na makaburu. Nchi zikakombolewa moja baada ya nyingine. Afrika Kusini ilipopiga kura Aprili 1994, kazi ikawa imekwisha, na kamati ikavunjwa mwaka huohuo. Ni chombo gani kingine cha kisiasa kilichokubali kufungwa kwa sababu kimemaliza kazi yake? Ukombozi ukiachwa uwe kila kitu, hakuna atakayeweza kusema umefika au haujafika, na asiyepimwa hawezi kuwajibishwa.

Upande wa pili huuliza: bendera imepandishwa, sawa, lakini ni nani amebaki chini? Rudini Algeria. Wanawake walibeba ujumbe, silaha na mabomu katika vita vya FLN, chama kilichopigania uhuru kutoka kwa Ufaransa, vilivyoanza Novemba 1954. Djamila Bouhired alikamatwa, akateswa, na mwaka 1957 akahukumiwa kifo, hukumu ambayo haikutekelezwa. Uhuru ulikuja Julai 1962. Miaka 22 baadaye, bunge la chama kilekile cha ukombozi likapitisha sheria ya familia iliyomtaka mwanamke mtu mzima aozwe na walii wake, na kumtii mume kukawa sharti la kisheria. Baadhi ya wapiganaji wa zamani wa kike walikuwa wameandamana kuipinga tangu ikiwa muswada. Sharti la utii lilifutwa mwaka 2005. Mwenye maana finyu atasema hilo ni suala jingine, la haki za ndoa. Mimi siafiki. Aliyekubaliwa kufa kwa ajili ya ukombozi hawezi kuambiwa baadaye kwamba haukumhusu.

Dini nayo imeupitia mvutano huu. Maaskofu wa Amerika ya Kusini walipokutana Medellín mwaka 1968, walisema umaskini wa waumini wao ni matokeo ya dhuluma, na hapo ikastawi teolojia ya ukombozi. Mwaka 1984 Vatikani ikaonya kwamba ukombozi wa kwanza ni ule wa kutoka dhambini, na kwamba baadhi ya wanateolojia walikuwa wameazima mno fikra za Karl Marx. Onyo hilo halikuwa la bure, lakini Askofu Mkuu Óscar Romero, aliyepigwa risasi akiadhimisha misa San Salvador mwaka 1980, hakuuawa kwa sababu ya kuhubiri toba peke yake. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2018.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Zimbabwe, kwa kuwa humo pande zote mbili zina haki na zote zina hatia. Makubaliano ya Lancaster House ya mwaka 1979 yalimaliza vita, lakini yaliifunga mikono serikali mpya kwa miaka 10: shamba linalolimwa lingepatikana tu kama mwenyewe anakubali kuuza. Waliopigania ardhi wakapata kura, ardhi wakaambiwa wangoje. Deni hilo lilikuwa la kweli, na kulikumbusha hakukuwa uchochezi. Sasa tazama lilivyokuja kudaiwa. Februari 2000 serikali ilishindwa katika kura ya maoni kuhusu katiba mpya, na ndani ya wiki chache uvamizi wa mashamba ukashika kasi, ukipewa jina la Chimurenga ya tatu, yaani vita vya tatu vya ukombozi. Familia nyingi zilipata mashamba na zinalima mpaka leo. Wakati huohuo vibarua wa mashamba hayo, baadhi yao wakiwa na asili ya Malawi na Msumbiji, walipoteza kazi na makazi, na wapinzani wakapigwa kwa kuitwa vibaraka wa mkoloni. Dai halali lilikuwa limewekwa kabatini kwa miaka, likatolewa pale chama kilipohofia kushindwa.

Kwa hiyo sidhani kwamba upana wa maana ndio wenye kasoro. Kinachoharibu ni ukombozi kugeuka cheo cha waliokomboa. Waliopigana wanastahili heshima, na malezi ya watoto wao pia, lakini heshima si hatimiliki ya nchi. Wakenya waliliona hilo mapema. Katika uchaguzi wa mwaka 1988 wa mchujo, ule wa mlolongo, mpigakura alisimama hadharani nyuma ya mgombea wake, akionekana na chifu, na mwajiri, na jirani. Aliyekuwa na mstari mfupi aliweza kutangazwa mshindi mchana kweupe. Chama kilichotawala kilikuwa kilekile cha tangu uhuru wa mwaka 1963. Watu walipojitokeza Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai, ya mwaka 1990 kudai vyama vingi, na kifungu cha 2A cha katiba kilichohalalisha chama kimoja kilipofutwa Desemba 1991, waliita harakati hizo ukombozi wa pili. Hawakuwa wakiudharau ule wa kwanza. Walikuwa wakisema kwamba aliyekombolewa lazima aweze kumwondoa hata mkombozi wake.

Hicho ndicho kipimo ninachokishikilia, na nakiri kina utata wakati wa hatari. Eritrea ilipata uhuru mwaka 1993 baada ya vita vya miaka 30. Katiba yake iliidhinishwa mwaka 1997 na haijawahi kutumika. Utumishi wa taifa, uliopangwa kuwa wa miezi 18, uligeuka wa muda usiojulikana baada ya vita na Ethiopia vya mwaka 1998 hadi 2000. Watetezi wa serikali walisema adui yuko mpakani, na kweli majeshi yalikuwa yakitazamana. Nchi ndogo iliyozoea kuvamiwa ina haki ya kuogopa. Lakini Julai 2018 nchi hizo mbili zilitia saini tamko la amani, mpaka ukafunguliwa kwa muda, na vijana wakabaki jeshini. Uchaguzi mkuu haukuitishwa. Kuanzia hapo adui wa mpakani hatoshi tena kueleza kwa nini kijana wa Asmara hana mamlaka juu ya miaka yake mwenyewe, chini ya chama kilichompigania baba yake.