Tusiwaachie wageni kazi ya kuwauliza wazee wetu

Wiki hii ujumbe umezunguka kwenye makundi ya familia ya WhatsApp, na kwetu uliletwa na mtu ninayemheshimu. Unaonya kwamba wazee wa Kizungu wanaokuja kufundisha utafiti wa historia ya familia, wale wamisionari wastaafu wa Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanakusanya majina ya mababu zetu kwa siri, na kwamba anayewapa ameuza ukoo wake. Binamu zangu wakaitikia mmoja baada ya mwingine: tusitoe, tukae macho. Nikauliza kundi zima: nani kati yetu anaweza kuandika hapa jina la mama yake babu? Hakujibu yeyote isipokuwa shangazi, naye amepita miaka 80 na ujumbe wake huandikiwa na mjukuu.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Tunasimama mlangoni na marungu kulinda ghala ambalo hatujawahi kuingia tukaona kama lina nafaka.

Kwanza, hakuna siri. Chama cha nasaba cha kanisa hilo kilianzishwa Utah, Marekani, mwaka 1894. Mwaka 1938 wakaanza kupiga kumbukumbu za dunia kwenye mikrofilamu, na leo mikanda hiyo, zaidi ya milioni 2, imehifadhiwa ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City. Mradi wao wa kurekodi nasaba za kusimuliwa umepita Ghana, Nigeria na Kongo. Tovuti yao ya FamilySearch inafunguliwa bure na mtu yeyote, awe muumini wao au asiwe. Na hao wazee wanaokuja hawalipwi. Ni mume na mke waliostaafu, wanajigharamia wenyewe, wanaacha wajukuu kwa miezi 6, 12, 18, wengine hata 23, wanakuja kukaa darasani na vijana wetu wakiwaonyesha namna ya kuanza: jiandike wewe, kisha wazazi, kisha wazazi wao, na kila jina useme nani alikuambia. Hilo la mwisho nimelipenda sana. Andika nani alikuambia. Mazishi yetu yangekuwa na amani zaidi kama tungeshika hilo tu.

Suala la ubatizo wa wafu nakubali kwamba lipo, na nalikubali kwa shingo upande kwa sababu najua limetumiwa kufunga mazungumzo yote. Ndiyo, wanabatiza kwa niaba ya waliokufa, wanasoma 1 Wakorintho 15:29 wakaielewa hivyo, na hekalu lililowekwa wakfu Nairobi mwaka 2025 ni la kazi hiyo pamoja na nyingine. Mimi ni Mkatoliki na siupokei ubatizo huo. Mafundisho yao yenyewe yanasema marehemu ana hiari ya kuukubali au kuukataa. Lakini wanaoogopa hawajatunga hofu hewani: mwaka 1995 kanisa lililazimika kufanya makubaliano na Wayahudi kwa sababu majina ya waliouawa na Wanazi yalikuwa yakipelekwa hekaluni na watu wasio jamaa zao. Sasa kanuni ni kwamba mwenye kupeleka jina awe jamaa, na kwa aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, ndugu wa karibu kabisa lazima aridhie. Kanuni nzuri, ingawa inategemea ukweli wa anayejaza fomu. Rafiki yangu Mwislamu wa Mombasa hataki jina la nyanya yake liguswe, na hapo sina la kumbishia. Ni haki yake.

Ila mtu akikataa fomu ya Utah, bado ana deni la kuandika mwenyewe. Hilo ujumbe wa WhatsApp haukulisema.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi. Shida ya kazi hii si dini ya wanaoifundisha. Shida ni kwamba mgeni, awe mwema kiasi gani, hajui swali lipi linafungua mdomo wa mzee na lipi linaufunga.

Nyanya yangu aliolewa na mwanamke. Wakamba, Wakisii na Wanandi wanaosoma hapa hawatashtuka, na Wakurya wa Mara wana nyumba ntobu yao, desturi ile ile. Mama mmoja wa ukoo wetu alifiwa na mume bila mtoto. Akatoa mahari, akamwoa msichana, ndiye iweto wake, ndiye nyanya yangu. Watoto waliozaliwa, baba yangu na shangazi wakiwemo, ni wa nyumba ile, wa ukoo ule, wenye haki yote kwenye shamba lile. Jina la ukoo ninalobeba ni la mwanamume aliyekufa miaka mingi kabla baba yangu hajazaliwa, nami nalibeba kihalali kama mtu yeyote.

Jaribu kuliingiza hilo kwenye mti wa ukoo wa tovuti. Kuna nafasi ya baba na nafasi ya mama. Ukiandika baba kwa desturi, programu itakuonya kwamba alifariki kabla mtoto hajazaliwa, na itaonekana umekosea. Ukiandika mwanamume aliyekuwa akija usiku, umemvunjia heshima mama aliyetoa mahari, umeivunja nyumba aliyoijenga, na kwa sheria ya kimila umesema uongo.

Zamani kidogo, mtafiti mmoja mgeni, asiye wa kanisa hili wala kanisa lolote, alifika kijijini kwetu na daftari la maswali. Alikuwa mpole, alikuja na sukari kama alivyofundishwa. Akamuuliza shangazi jina la baba yake, shangazi akalitaja. Akauliza alifariki lini, shangazi akasema. Yule mtafiti akahesabu, akatabasamu, akauliza tena mbele ya majirani: basi baba yako hasa ni nani? Shangazi akasimama akaenda kutazama mbuzi. Hakurudi mpaka mgeni alipoondoka. Jioni aliniambia neno moja tu, kwamba mtoto yule hakulelewa na wazee. Mwalimu yeyote mstaafu wa pale Machakos angejua kwamba swali lile haliulizwi. Angeuliza, mlizaliwa nyumba ya nani? Na angepata jioni nzima ya maelezo.

Halafu kuna ardhi. Kenya mti wa ukoo huchorwa kwenye wasifu wa marehemu, na huchorwa kwenye kesi ya mirathi, pale chifu anapoandika barua ya kuorodhesha warithi. Basi. Kwa hiyo mtu akija na kalamu kuuliza babu alikuwa na wake wangapi na kila mmoja alizaa nani, kwa mzee kutoka Idaho kule Marekani hilo ni swali la historia, na kwetu ni swali la ekari. Chumba kinanyamaza kwa sababu mtoto wa mke wa tatu amekaa pale kwenye kona na shamba halijagawanywa. Si ushamba, si uchawi. Ni watu wenye akili timamu wanaojua karatasi inaweza kufika wapi. Anayetaka kuandika ukoo lazima kwanza ajue kesi zilizoko mahakamani, ajue nani hasemezani na nani, ajue kumtembelea kila mke kwa jiko lake, na mzee asikilizwe peke yake kabla hajasikilizwa mbele ya watu. Haya huwezi kuyafundisha kwa darasa la Jumamosi. Unakua nayo.

Na miaka je? Vitambulisho vya wazee wengi vinasema Januari 1, kwa sababu karani alihitaji tarehe na hakukuwa na tarehe. Mgeni anauliza mwaka, anajibiwa sijui, anaacha wazi. Mtu wa kwetu anauliza, mama yako alizaliwa kabla ya Ngomanisye au baada? Mara moja umepata 1898 na 1899, ile njaa iliyomaliza watu Ukambani. Wajukuu wake wa kwanza walikuja kabla ya zile mvua za 1961 zilizobomoa madaraja, au baada? Alikuwa bado hai wakati wa njaa ya Nikwa Ngwete, 1984, watu walipokuwa na pesa mkononi na hakuna chakula cha kununua? Maswali matatu, na maisha ya mtu yamepata mwanzo, katikati na mwisho. Majina yenyewe sijayagusa: anayetafuta jina la ukoo kwa Mjaluo aitwaye Otieno atapata watoto wa usiku wa nchi nzima.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niandike kwa ukali. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilipofanya ule msako mkubwa wa wapagazi wa vita, alichukuliwa kaka wa mama yule aliyemwoa nyanya yangu. Hakurudi. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu yao, na chini yake maandishi yanayoahidi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Kwenye sanamu hiyo hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Nimepita hapo miaka yote ya kazi yangu mjini. Jina la yule mmoja wetu lilikuwa linajulikana na mtu mmoja duniani, shangazi. Sasa nami nalijua, na nimeliandika, na nimeandika nani aliniambia.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya wastaafu wetu. Mwalimu anastaafu akiwa na miaka 60, bado ana nguvu, ana mwandiko, amefundisha wajukuu wa nusu ya kata na wanamwamkia njiani. Muuguzi mstaafu anajua nani alizaliwa lini na kwa nani. Chifu mstaafu anajua kuliko wote, na ndiye wa kumwendea kwa uangalifu zaidi. Makanisa na misikiti ina kumbi zinazokaa tupu Jumanne mpaka Ijumaa. Kama mume na mke wanaweza kutoka Marekani kwa akiba yao kuja kumfundisha kijana wa Kayole kumuuliza nyanya yake, mwalimu mstaafu wa Kangundo anaweza kupanda boda mpaka kijiji cha pili. Atalipwa na nani? Atapewa chai na chakula, kama tunavyomlisha kila anayekuja kwa heri.

Hao wamisionari tuwaendee, tujifunze kwao utaratibu, tena bila hofu: namna ya kuandika chanzo, namna ya kutunza rekodi ya sauti isipotee simu ikiibwa. Wale wanaotaka kuweka ukoo wao kwenye FamilySearch waweke. Lakini nakala ya kwanza ibaki kwa familia, na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, na tuwadai Nyaraka watufungulie mlango wa kuzipokea, maana jengo lile lina mafaili ya wakoloni waliotuandika bila kutuuliza, na hakuna darasa linalotufundisha kuyasoma.

Walimu wastaafu wa Machakos, Makueni na Kitui, mvua za Oktoba zikianza hakuna mzee atakayekaa nawe, kila mtu atakuwa shambani. Anzeni Agosti, maharagwe yakishavunwa na watoto wakiwa likizo. Nendeni na kijana mmoja wa kushika simu, daftari la mistari, na sukari. Kuhusu baba wa mtu, ulizeni nyumba.