Likizo ya mmisionari: ya kupumzika au ya kuchangisha?

Mwaka 1846 Johannes Rebmann aliteremka Mombasa kumsaidia Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake aliyekuwa amemtangulia kwa miaka miwili chini ya CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza. Walihamia Rabai pamoja, wakajifunza lugha za watu waliowapokea, na wote wawili tunawakumbuka kwa milima: Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, Krapf akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani Desemba 1849. Kwenye jambo moja waliachana kabisa. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1850, akaja tena pwani 1851, kisha akaondoka 1853 afya ikiwa imemshinda. Rebmann alikaa miaka 29 bila kukanyaga kwao. Alipoondoka 1875 alikuwa karibu kipofu, mkewe amekwisha kufariki, na mwaka uliofuata naye akafa.

Nani kati yao alifanya vizuri zaidi? Swali hilo bado linasumbua mashirika ya misheni, na linatuhusu sisi tuliopokea wamisionari kuliko tunavyodhani. Utaratibu unajulikana kwa yeyote aliyekulia karibu na kituo cha misheni. Mzungu wa misheni anafanya kazi miaka mitatu, minne au mitano, halafu anaondoka na familia yake kwa miezi kadhaa, wengine mwaka mzima. Wazee wetu walisema "amekwenda livu". Akiwa huko anatakiwa apumzike, atibiwe, aonane na ndugu, na azunguke kwenye makanisa yanayomtegemeza kueleza kazi yake na kuomba waendelee kutoa. Mambo hayo yote yamepangwa kwenye kipindi kimoja, na naamini hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Nianze na wanaoitetea likizo hiyo, kwa sababu hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni uhai wenyewe. Rosina, mke wa Krapf, na mtoto wao mchanga walikufa Mombasa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, wakazikwa bara, upande wa Nyali. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifika Mombasa Oktoba 1895. Kufikia Desemba 1896 alikuwa amezikwa Ukambani. Katika hali hiyo, kumtoa mtu mapema akapate hewa nyingine kulikuwa njia ya kumwokoa asife.

Leo dawa zipo na ndege zipo, lakini kuchoka hakujaondoka. Mfikirie daktari wa hospitali ya misheni anayeamshwa usiku kila mara mama mjamzito anapoletwa na bodaboda, na kesho yake asubuhi anatakiwa awepo kwenye kikao cha bodi. Uchovu wa mtu huyu hauonekani kwanza kwenye barua anazoandika kwao. Huonekana kwa tunaofanya naye kazi. Anaanza kumfokea dereva. Anahesabu dawa mara mbili kwa kuwa hamwamini mhasibu. Anaamua mambo peke yake, kikao kinaarifiwa baadaye. Mtu mwema kabisa anaweza kufika hapo, na anayesema mmisionari wa kweli hahitaji kupumzika hajawahi kufanya kazi chini ya mmisionari aliyechoka.

Hoja ya pili ni uwajibikaji. Mashirika mengi ya aina ya Africa Inland Mission hayamlipi mmisionari kutoka mfuko mkuu. Kila mmoja hutafuta watu na makanisa ya kumchangia kila mwezi. Mstaafu anayetoa sehemu ya pensheni yake kwa ajili ya shule ya Biblia asiyoijua ana haki ya kumwona mtu anayemtumia fedha hizo, amuulize maswali, na amshike mkono. Pia kuna mambo makubwa yaliyozaliwa na safari hizi. Kitabu cha safari za Krapf kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1860 kilisomwa na Charles Cheetham, kiongozi wa tawi moja la Wamethodisti wa Uingereza. Matokeo yake ni misheni ya Ribe, iliyoanzishwa 1862 kwa msaada wa Krapf mwenyewe. David Livingstone alirudi Uingereza Desemba 1856 baada ya miaka 16, na hotuba yake kwenye Chuo Kikuu cha Cambridge tarehe 4 Desemba 1857 iliamsha vyuo vikuu vikaunda misheni iliyojulikana kwa herufi UMCA. Misheni hiyo ndiyo iliyohamia Zanzibar 1864, na ndiyo iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Bila ile likizo, kanisa lile lisingekuwepo, au lingejengwa na watu wengine kwa namna nyingine.

Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili, na wanaoisimulia kwa fahari huuruka. Livingstone hakupumzika hata kidogo. Aliandika kitabu kinene na kuzunguka nchi nzima akihutubia. Katika kuwatia watu moyo alieleza Mto Zambezi kama njia ya meli itakayopeleka biashara na Ukristo ndani ya bara. Mwaka 1858 maporomoko ya Cahora Bassa yalionyesha kwamba meli haipiti. Vijana wa UMCA walioitikia hotuba yake walifika Magomero, katika Malawi ya leo, mwaka 1861, wakakuta vita, njaa na homa. Askofu wao, Charles Mackenzie, alikufa Januari 1862, na wengine wakamfuata. Hata msafara ambao Krapf alirudi nao 1851 ulisambaratika upesi kwa homa na kukata tamaa. Mtu anayeongea mbele ya wafadhili ana kishawishi cha kuonyesha mlango uko wazi kuliko ulivyo, na gharama ya maneno hayo hulipwa na wengine, mbali na ukumbi yaliposemwa.

Kishawishi hicho bado kipo, kwa sura nyingine. Mmisionari aliyeko likizo hupewa dakika chache katikati ya ibada, baina ya matangazo na sadaka. Katika dakika hizo aeleze watu, nchi, kanisa na mahitaji. Afanye nini? Anaonyesha picha. Picha inayofungua mikono haraka ni ya mtoto asiye na viatu, amesimama kwenye vumbi, bila jina. Hatuonyeshwi kwaya ya akina mama iliyolipia mabati ya kanisa kwa michango yao wenyewe, wala mwinjilisti anayepanda baiskeli kutoka mtaa hadi mtaa kwa posho isiyotosha sabuni. Sisemi wote hufanya hivyo. Wapo wanaokataa katakata kuonyesha picha za namna hiyo, na nawaheshimu. Ila mfumo unampa ushindi anayehuzunisha watu zaidi, na mwenye ahadi zilizopungua mwaka huu, kwa sababu wafadhili wake wawili wamekufa na kanisa moja limebadilisha mchungaji, anajua akishindwa kugusa mioyo hatarudi kazini.

Hapa namkumbuka Mchungaji John Gatu. Akiwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alialikwa mwaka 1971 kwenye mkutano mkubwa wa misheni Milwaukee, Marekani. Mbele ya watu haohao wanaotoa fedha na kutuma wamisionari, aliomba wamisionari waondolewe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao na makanisa ya Magharibi yajifunze kuhusiana nayo upya. Mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote, uliokutana Lusaka, uliunga mkono wazo hilo. Wengi walikasirika, na hoja yake ya kuondoa wote haikutekelezwa. Mimi sikubaliani naye yote. Hospitali nyingi zingefungwa kabla hatujapata madaktari wetu. Lakini kitu kimoja alichofanya siku ile sijaona kikifanywa vya kutosha tangu wakati huo: Mwafrika, kiongozi wa kanisa linalopokea, alisimama mwenyewe kwenye jukwaa la wafadhili akasema tunachotaka. Kwa kawaida habari zetu hufika huko zikiwa mdomoni mwa mtu mmoja ambaye kipato chake kinategemea jinsi zitakavyopokelewa.

Kuna pia pengo linalobaki huku. Mmisionari anakabidhi funguo za stoo, za ofisi na za gari. Anamwachia kazi msaidizi ambaye kwa miaka minne hakuwahi kuruhusiwa kusaini hundi. Msaidizi huyo, kama yuko Tanzania, kisheria ana likizo isiyopungua siku 28 kwa mwaka. Kama yuko Kenya, ni siku 21 za kazi. Mara nyingi hata hizo anaziuza au anazikatiza kwa sababu hakuna wa kumshikia kazi. Anamuona mwenzake akiondoka mwaka mzima, na hakuna anayemuuliza yeye amechoka kiasi gani. Wamisionari wakijibu kwamba mwaka wao si wa kupumzika, maana wanasafiri kila Jumapili kuomba fedha, wanasema kweli. Hilo halimpunguzii mwenzao uchovu. Linaonyesha tu kwamba wote wawili hawajapumzika.

Hata hivyo nimeona pengo hilo likizaa matunda. Katika jimbo moja ninalolifahamu, mwalimu mkuu wa chuo cha Biblia alipoondoka, mwalimu mzalendo aliyekaimu alipanga upya ratiba ya masomo ili wanafunzi waweze kwenda shambani msimu wa mvua, na mahudhurio yakapanda. Aliporudi mwenyewe alikuwa na busara ya kutoidai nafasi yake. Wapo wasemao likizo ndefu ndiyo njia ya heshima kuliko zote ya kujaribu kama kazi inaweza kuendelea bila mgeni, na hapo nakubaliana nao.

Watoto hawazungumzwi vya kutosha. Mary, mke wa Livingstone, na watoto walipelekwa Uingereza 1852, wakahangaika huko kwa miaka minne bila baba na bila makao ya kudumu. Mtoto aliyesoma bweni Kijabe, kwenye shule ya Rift Valley Academy iliyoanzishwa 1906, ana marafiki, timu ya raga na ugali anaoujua. Akipelekwa Marekani mwaka mzima katikati ya masomo, wazazi ndio wanaokwenda kwao. Yeye anapelekwa ugenini, kisha analetwa kila Jumapili mbele ya watu asiowajua aimbe pambio la Kiswahili. Safari fupi za wiki sita au nane wakati shule zimefungwa zinapunguza maumivu hayo, na mashirika kadhaa yameanza kuelekea huko.

Wengine wanauliza: kwa nini mtu asafiri kabisa, wakati kuna WhatsApp na mikutano ya video? Kwa taarifa, sawa. Mfadhili anaweza kuona kisima kikichimbwa siku hiyohiyo. Lakini mama mzee wa mmisionari hauguzwi kwa simu, na mtu aliyevunjika moyo hatibiwi kwa ujumbe wa sauti.

Sasa tuna wamisionari wetu. Umoja wa misheni wenye makao Wuppertal, Ujerumani, ulibadilika mwaka 1996 ukawa jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na wachungaji wa Tanzania wametumwa kufanya kazi Ulaya. Mitume wa Yesu, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Moroto, Uganda, mwaka 1968, limetuma mapadre wake nchi nyingi. Hawa wakirudi nyumbani hali inageuka. Hakuna anayewaomba waonyeshe picha. Wanangojewa na orodha: ada za wapwa, paa la kigango, harusi iliyosogezwa mbele ili wao wawepo michango ikisomwa. Padre aliyekuja kupumzika anarudi Ujerumani akiwa na deni. Tunaowalaumu wafadhili wa Magharibi kwa kumgeuza mmisionari chombo cha kuchangisha, tujiangalie jinsi tunavyompokea wa kwetu.

Kwa hiyo nasimama wapi? Mmisionari apumzike, na mapumziko yake yalipiwe kama sehemu ya kazi, kwa wiki kadhaa ambazo hakuna kanisa linaloruhusiwa kumuita. Kuwaona wafadhili kuwe safari nyingine, fupi, na asiende peke yake. Aandamane na mzee wa kanisa, muuguzi au mwinjilisti wa huku, aliyechaguliwa na kanisa la huku, mwenye haki ya kusema hata yale yasiyowafurahisha watoaji. Nauli ya mtu huyo ni ghali na viza inasumbua, najua. Lakini mwaka mzima wa familia kuzunguka makanisani nao ni ghali, na haujatuletea uhusiano wa watu wazima.

Jambo la mwisho ni dogo kuandika na linaumiza sana likikosekana. Wengi huondoka kwa livu bila kusema kama watarudi, kwa sababu wenyewe hawajui: fedha huenda zisitimie, au mtoto akahitaji shule. Waumini wanachinja mbuzi, wanamvisha mama kitenge, wanasema tutaonana mwakani, kisha mwakani unafika ujumbe wa simu kwa katibu kwamba familia imeamua kubaki. Kanisa linaloweza kuombea mafanikio ya safari linaweza pia kuambiwa ukweli kuhusu mashaka yake, kwenye kikao, kabla funguo hazijakabidhiwa.