Si Mfupi, Basi Mrefu

Binamu yangu aliandika tangazo la kutafuta mchumba, akaambiwa lisizidi maneno 8. Lake lilikuwa na 12: "Si mfupi, si mnene, si mzee, si maskini, si mume wa mtu." Akaniletea nilipunguze, maana kuhariri ndiyo kazi yangu. Nikaona hizo "si" zinakula nafasi bure. Nikazifyeka zote, kila sifa nikaiwekea kinyume chake: "Mrefu, mwembamba, kijana, tajiri, kapera." Maneno 5! Nikajipongeza.

Siku ya miadi dada wa watu akafika, akamkuta amekaa. Binamu akainuka kumpokea. Dada akasubiri, kisha akamwambia, "Simama basi tusalimiane."

"Nimeshasimama."

Binamu hakuwa amedanganya, ni kweli yeye si mfupi. Mwongo ni mimi. Kati ya mfupi na mrefu kuna umati wa watu wa wastani, kama vile maji yasiyo ya moto si lazima yawe ya baridi. Vuguvugu nayo ina haki yake. Neno pekee lililopona ni "kapera", kwa sababu pale hakuna vuguvugu: ama una mke, ama huna. Ni kama hai na mfu, ukikana moja umeshataja la pili.

Nikataka kurekebisha. Nikazirudisha "si" zangu, lakini kwa haraka nikazibandika kwenye maneno yangu mapya: "Si mrefu, si mwembamba, si kijana, si tajiri, kapera." Hesabu ilipita 8 kwa neno moja, nikalifuta "kapera". Hapo ndipo nilipomzika. Ukikana sifa mbaya, mtu anabaki katikati. Ukikana sifa nzuri, msikilizaji anamsukuma hadi chini kabisa. Nani akiambiwa "si mrembo" hudhani anasifiwa wastani? Wasomaji wakaona mzee mfupi, mnene, fukara, na pengine ana wake watatu.

Binamu akanipigia simu akifoka. Safari hii nikaandika sentimita na umri, basi.

Juzi yule dada wa kwanza kaulizwa na shoga yake amemwonaje. Kajibu, "Si mbaya." Binamu kaja mbio kuniuliza kama aandike kwamba amesifiwa kuwa mzuri.

Nimemwambia hiyo "si" asiiguse.