Nani apime rezo (mtandao wa simu) ya Bukavu, na apimie wapi?

Kampuni ya simu ikisema kwamba simu zinazokatika kwenye mtandao wake hazifiki mbili kwa mia, huenda haidanganyi. Mitambo yake huhesabu usiku na mchana, na hakuna mkaguzi wa nje atakayefikia wingi huo wa takwimu. Lakini hesabu huanza pale simu inapofika kwenye mnara. Mtu wa Kadutu, sehemu ya mji wa Bukavu, ambaye kilima kimemziba, simu yake haioni mnara wowote, haingii kwenye hesabu hiyo hata kidogo.

Ndiyo maana wadhibiti wa mawasiliano hupenda gari la vipimo, linalozunguka likipima mtandao: simu zilezile, jaribio lilelile, kampuni zote, asiwepo wa kusema kaonewa. Kwetu Kongo mdhibiti ni ARPTC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Shida ya gari ni kufuata barabara. Bukavu ni mji wa miteremko. Ukiacha lami unashuka kwa vijia vya ngazi za udongo, na huko ndiko watu wengi wanakolala. Gari likipita avenue Lumumba saa nne asubuhi litaleta matokeo mazuri, tena ya kweli: ya avenue Lumumba, saa nne asubuhi.

Basi wananchi wapime wenyewe kwa simu zao? Wazo zuri, ila si la bure. Jaribio la sekunde 10 kwenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde linakula zaidi ya mega (megabaiti) 12, kwa kupakua tu. Anayenunua mega za siku hatazichoma hivyo. Atapima mwenye forfait (kifurushi) kubwa na simu mpya. Halafu kasi si kila kitu. Kwa mazungumzo, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja; ikizidi sana, watu wanaanza kukatizana maneno. Na ukingoni mwa Ruzizi, mto wa mpakani, simu hudaka mtandao wa Rwanda. Matokeo hayo yaandikwe kwa nani?

Mimi naegemea upande wa mdhibiti, mradi mpimaji wake ashuke garini, atembee mitaani saa mbili usiku rezo ikiwa imeelemewa, na aingie hata ndani ya nyumba. Matokeo yatolewe mtaa kwa mtaa, maana wastani wa mji hufunika Kadutu kwa uzuri wa mtaa wa Muhumba. Kampuni zitalalamika kwamba hiyo ni kuwaonyesha wapinzani udhaifu wao. Wateja wanaujua tayari, ndiyo sababu wanatembea na laini mbili au tatu.