Simu kulishana anwani kwa sauti

Kuna habari kwamba simu moja italia, nyingine isikilize, na anwani ya kupokelea Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, ihame bila kuandika wala kupiga picha. Nimefurahi sana. Mimi ni fundi simu Kariakoo, kila siku naletewa simu yenye kioo kilichopasuka au kamera iliyokufa. Msimbo wa QR wenye anwani hausomeki hapo, ila spika na maiki bado ni vizima. Anwani za kawaida zinazoanza na bc1q zina herufi na tarakimu 42. Nani atazitaja kwa mdomo huku konda anaita Mbagala na muuza maji anagonga chupa? Hata zikikosewa nne njiani, programu itazikataa, maana anwani yenyewe imebeba herufi za uhakiki.

Ninachohofia ni simu ya tatu, ya jirani, ikilia kwa nguvu zaidi na kutoa anwani yake. Anwani hiyo nayo ni halali, uhakiki hauikamati, na malipo yakishathibitishwa hayarudi. Jamani, kabla ya kutuma, mwambieni anayepokea awasomee herufi sita za mwisho zilizo kwenye kioo chake, mzilinganishe na zenu.