Madirisha Yaliyofungwa ya St. Moritz

Treni inayotoka Chur, mashariki mwa Uswisi, hupanda milima kwa takriban saa mbili, ikipita juu ya daraja la Landwasser, lenye kimo cha mita 65, na kutumbukia papo hapo katika handaki lililochongwa kwenye jabali. Nilishuka St. Moritz, mji wa kitalii ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mchana wa Januari, baridi ikinizaba vibao.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukerwa na anasa. Ipo, tena haijifichi: katika madirisha ya maduka ya Via Serlas zilipangwa saa zisizowekewa bei, na kahawa yangu pamoja na kipande cha keki ya jozi, ambayo ndiyo fahari ya bonde zima la Engadin, vilinitoka faranga 14. Hilo sikulionea kinyongo, kwa kuwa mji huu umekuwa ukiuza baridi yake tangu mwaka 1864, ambapo inasimuliwa kwamba mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwaahidi wageni wake Waingereza kuwa wangeota jua katikati ya majira ya baridi, na wasipoliona angewarudishia nauli. (Wachache hukumbuka kwamba Mauritius, mtakatifu ambaye mji umebeba jina lake, katika masimulizi ya Kikristo ni askari aliyetoka Thebe ya Misri.)

Kilichonisumbua ni nyumba. Zaidi ya nusu ya makazi ya mji huu ni ya likizo, na nilipopanda mtaa mmoja jioni nilikuta ngazi ambazo theluji yake haikuwa na alama hata ya unyayo mmoja. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kuzuia ujenzi wa nyumba mpya za namna hiyo katika manispaa ambako tayari zimevuka asilimia 20 ya makazi yote. Naiunga mkono sheria hiyo, lakini iliacha mlango wa nyuma wazi: nyumba iliyokuwapo kabla ya kura inaweza kugeuzwa kuwa ya likizo, hivyo mpangaji wa miaka mingi huondoka ili mnunuzi wa majuma matatu kwa mwaka apate pa kutundika koti lake. Wanaosema kwamba hilo ndilo soko wajiulize ni nani atakayeoka ile keki ya jozi.

Jibu nililiona kituo cha basi. Wanawake wanne waliotoka zamu, wakizungumza Kiitaliano, walisubiri basi la kuteremka njia ya mlimani ya Maloja kuelekea Chiavenna, ng'ambo ya mpaka, nchini Italia, na mmoja wao alikuwa amevua viatu vya kazi akivifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Ng'ambo ya barabara, jengo la ghorofa nne lilikuwa giza tupu, isipokuwa taa ya mlangoni iliyojiwasha yenyewe paka alipopita.